Jina Nisilolitamka

Jumapili, 2 Juni

Binti yangu amerudi chuoni asubuhi. Ameacha soksi zake kwenye kamba, zimeganda kwa baridi, zimesimama kama miguu ya mtu. Nimeziingiza ndani haraka. Sipendi kuona nguo ya mtoto imesimama bila mtoto.

Yeye ndiye aliyesema niandike. Huu ni mwaka wake wa mwisho, anasomea uuguzi wa wagonjwa wa akili, shahada kabisa. Eti huko wanafundishwa kwamba mtu asiyepata usingizi ayaweke karatasini yale yanayomzunguka kichwani, ili kichwa kipumzike. Nikamwambia mimi nimeishia darasa la sita, nitaandika nini. Akasema, "'M'e," yaani mama, "andika kama unavyoongea. Hakuna atakayekusahihisha." Na hakuna atakayesoma. Haya.

Naanza na hili. Jina lake siliandiki hapa. Si siri, kijiji kizima kinalijua. Ni jina la mama mkwe wangu, na katika ukoo wa mume wangu mke aliyeolewa hatamki jina la mkwe, awe baba awe mama. Mtoto alipozaliwa walimpa jina la bibi yake, ndiyo desturi, na mimi nikatafuta njia ya kupita pembeni. Namwita Nyenyane, yaani mdogo. Sasa amenipita kimo. Bado Nyenyane.

Jina lenyewe maana yake ni "kitu tu". Bibi yule alizaliwa baada ya ndugu zake kufa wote wachanga, wakampa jina la dharau ili kifo kimwone si lolote, kimpite. Kikampita kweli. Kilichompata ni kingine.

Wazee wetu husema jina baya ni mkosi.

Nimeandika. Kichwa hakijapumzika.

Jumatano, 5 Juni

Upepo mchana kutwa. Maandazi ninayouza pale shuleni yamekwisha mapema — baridi inawapa watoto njaa.

'MaPalesa jirani alikuja kuomba kaa la moto, akauliza habari za Nyenyane. Bado anasomea wazimu? Nikasema bado. Akasema miaka minne si mchezo, huyo lazima ataufaulu. Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Alipoondoka nikaosha kikombe chake mara mbili, sijui kwa nini.

Jumamosi, 15 Juni

Nyenyane yuko nyumbani. Ana mtihani wa vitendo: atazungumza na mgonjwa mbele ya mwalimu wake, bila kidonge wala sindano, mazungumzo tu. Alitaka mtu wa kujifunzia. Baba yake alisema yeye ana kondoo wa kuangalia. Basi mgonjwa nikawa mimi!

Tulikaa jikoni. Aliniwekea kiti kwa upande, si mbele yake, ili mgonjwa asijione kama yuko polisi. Yeye akakaa karibu na mlango. Nikamuuliza, mbona mlangoni, unataka kunikimbia? Akasema ndiyo kanuni, na mgonjwa naye asizibiwe njia. Anauliza swali moja, kisha ananyamaza. Ananyamaza mpaka unaanza kuwaza ugali utaungua.

Akauliza kama huwa nasikia sauti pasipo mtu. Nikasema nasikia. Zinasema nini? Hapo nilitaka kumtania. Nilitaka kusema zinasema baba yako hajapasua kuni. Nikausikia mdomo wangu unasema, "Zinasema wamemwaga chumvi barabarani. Chumvi yote ile nyeupe, na mimi ndiye niliyetumwa kuiokota."

Hayo si maneno yangu. Ni ya mama mkwe. Aliyasema jikoni humu humu, majira kama haya, kabla hajapotea. Nikaendelea. Sikuweza kuacha! Hata sauti ilikuwa yake, ile inayoshuka mwishoni kama mtu anayetua ndoo. Nyenyane anaandika, anaitikia kwa kichwa. Hakubishana na chumvi, wala hakuikubali. Aliuliza tu, "Na hiyo kazi ya kuokota, inakuchosha?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza mama mkwe hivyo. Sisi tulimwambia hakuna chumvi.

Nilipoinua macho Ntate, mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni na samadi kavu ya kuwashia. Sijui alikuwa pale tangu lini. Akaitua chini kipande kipande, taratibu, akatoka. Hakula.

Jumapili, 16 Juni

Ntate hajasema neno tangu jana. Si hasira. Anatembea nyumbani kama mgeni asiyejua vitu viko wapi.

Nyenyane alipokuwa anafunga mfuko wake akaniuliza chumvi ile niliitoa wapi. Nikamwambia ni ya bibi yako. Alijua bibi alichanganyikiwa akapotea, ya chumvi hakuyajua. Akasema nisipoyatoa yatanitoa yenyewe. Haya basi, nayatoa.

Nilikuwa mke mgeni, nina mimba ya Katleho, mtoto wangu wa kwanza. Ntate alikuwa mgodini, ng'ambo, Afrika Kusini. Julai ile theluji ilianguka mpaka ikafika kizingitini. Mama mkwe akasema anakwenda zizini. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, kwa hiyo blanketi nilimfunga mimi, na ile pini kubwa nikaibana mimi, hapa kifuani. Nikaipapasa nione imeshika. Ilishika.

Hakurudi.

Wanaume walitoka na mbwa, wanaliita jina lake mlima mzima. Mimi nikapanda nyuma ya nyumba, upande wa korongo. Peke yangu. Na nikaona — mpaka leo siwezi kuapa niliona nini — kitu kidogo cheusi, mbali, kinakwenda katikati ya weupe ule. Nikaita "'M'e! 'M'e!" Ningeita nini kingine? Na nchi hii kila mwanamke mtu mzima ni 'M'e. Kile kitu hakikugeuka. Kikapotea nyuma ya mwinuko, basi.

Hakuna aliyenilaumu. Wifi yangu mwenyewe alisema nilifanya ipasavyo, mke mgeni hawezi kupiga kelele za jina la mkwe mlimani. Ntate aliporudi alisema vivyo hivyo.

Mwaka uliofuata ukoo ulikaa. Mwili haukupatikana. Wakachimba kaburi dogo, wakazika blanketi lake la pili na kilemba, wakachinja kondoo. Nyenyane alizaliwa baada ya hapo. Wakamtazama wakasema, amerudi.

Kaburi la blanketi nalipalilia mimi. Hata majani yake huota haba.

Alhamisi, 27 Juni

Amefaulu! Amepiga simu anapiga kelele, nimelazimika kuiweka mbali na sikio. Mwalimu alimuuliza alijifunzia wapi kutopigana na maneno ya mgonjwa, akasema jikoni kwa mama yangu.

Sasa wamepelekwa hospitali ya akili kwa mazoezi, wodini, mpaka Agosti. Kila mwanafunzi achague mgonjwa mmoja, amhudumie, amfuatilie, aandike juu yake. Ndiyo kazi kubwa ya mwaka. Bila hiyo hakuna kuhitimu.

Yeye amemchagua bibi mmoja asiyejulikana jina. Polisi walimleta miaka iliyopita kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Afrika Kusini. Alikutwa anatembea barabarani, hana karatasi, lakini blanketi lake lilikuwa la kwetu, ndiyo maana wakamvusha. Hasemi. Wanamwita Nkhono wa Dirishani, bibi wa dirishani, maana hukaa hapo kutwa.

Kisha akanisimulia kichekesho. Sista mkuu wa wodi alimhitaji haraka, akampigia ukelele kutoka mwisho wa korido, na kabla Nyenyane hajafungua mdomo yule bibi akaitika. "Nipo hapa." Vile tu. Hajasema neno tangu aletwe! Wote wakaduwaa, halafu wakacheka, na sista akasema, "Basi nimepewa wanafunzi wawili."

Nyenyane anacheka kwenye simu. Mimi nimeshika ukuta.

Nikauliza, alikuita kwa jina gani?

"Jina langu, 'M'e. Kwani ninayo mangapi?"

Salio lake likaisha.

Ijumaa, 28 Juni

Watoto wamerudisha maandazi. Nimeweka chumvi mara mbili.

Chumvi.

Jumapili, 30 Juni

Nilimpigia mimi. Maswali nilikuwa nimeyapanga tangu kanisani, sikusikia hata mahubiri. Huyo bibi ana kimo gani? Mkono wa kushoto, hapa kwenye kifundo, ana kovu la sufuria? Alipoitika, sauti ilishuka mwishoni?

Akaongea kwa sauti nisiyoijua, nadhani ndiyo ya kazini. Akasema alikosea kunisimulia. Mambo ya mgonjwa hayatoki wodini, ndiyo kitu cha kwanza walichofundishwa, na yeye alijisahau kwa furaha ya mtihani. Ikijulikana anaweza kutolewa.

Nikasema mimi si mtu wa nje, mimi ni mama yako.

"Na yeye ni mama wa mtu," akasema.

Tukanyamaza wote wawili. Nadhani ni hapo alipoelewa maswali yangu yanakwenda wapi. Halafu, polepole, "'M'e, usichukue kunyamaza kwangu kuwa jibu."

Simu ikakatika. Au aliikata.

Jumanne, 2 Julai

Nimemwambia Ntate. Alikuwa anampunguza kondoo kwato, amembana katikati ya magoti. Nimesema yote mpaka mwisho, hakuacha kukata. Akasema mama yake amezikwa, kaburi liko pale, anayetaka kuliona aende. Nikasema, pale kuna blanketi. Akasema hata yeye akifa nitamzika na blanketi, je, sitamhesabu kuwa amezikwa?

Kisu kikateleza, kwato ikatoka damu. Ntate hajawahi kumkosea kondoo.

Mchana wifi 'MaLineo akaja, dada yake, habari zimeshamfikia sijui kwa upepo gani. Akakaa, akavuta ugoro, akapiga chafya, ndipo akaanza. Kama ni yeye, je, yule kondoo tuliyemla tumrudishe? Na miaka yote tumekwenda pale kaburini kumwomba atuombee mvua, maombi yalikuwa yanapokelewa na nani, na blanketi? Ntate akamwambia anyamaze. Akasema yeye ni mkubwa wake, alimbeba mgongoni, atanyamaza akitaka.

Halafu mzaha ukamtoka usoni. Akanishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo: "Mtoto akipewa jina la aliyetulia, anarithi utulivu. Huyu wetu tumempa jina la mtu ambaye bado anatembea. Anarithi nini?"

Kisha akauliza kama Nyenyane analala vizuri. Nikasema analala kama jiwe.

Sijui kama analala.

Ijumaa, 5 Julai

Theluji. Milima imefutika yote. Shule imefungwa, maandazi hakuna.

Ntate alivaa blanketi akatoka bila kusema. Nilimwona kupitia dirisha. Amepiga magoti kwenye lile kaburi dogo, anaondoa theluji kwa kiganja. Anaondoa, inaanguka nyingine, anaondoa. Sikumwita.

Jumatatu, 8 Julai

Nyenyane amepiga. Amekwenda mwenyewe kwa mwalimu wake akasema kila kitu: kwamba mgonjwa wake huenda ni bibi yake mzaa baba, na kwamba alinisimulia mambo ya wodi. Hakusubiri aulizwe. Mwalimu hakumfokea, na hilo ndilo linalomtisha. Alimwambia tu amesikia na atalipeleka jambo hilo kwa wakubwa.

Ametolewa kwa yule bibi siku ileile. Haruhusiwi kumhudumia ndugu. Kazi yote aliyoandika haihesabiwi, aanze na mgonjwa mwingine wakati wenzake wako katikati. Huenda asihitimu nao. Hayo aliyasema kwa utulivu. Kilichomliza ni kingine — miguu. Alikuwa anamwosha yule bibi miguu kila asubuhi. Sasa bibi anaoshwa na mwanafunzi mwingine, na huyo hajui kwamba maji yakiwa vuguvugu bibi hukunja vidole, anataka yachome kidogo.

Mama mkwe alikuwa hivyo! Maji yake nilikuwa nayachemsha mimi. Sikumwambia Nyenyane. Wazee wengi hupenda maji ya moto. Baridi hii nani hapendi?

Nikamuuliza analala? Akasema analala. Kisha akasema, "Juzi nimeota naokota chumvi." Kabla sijasema lolote akaniwahi: ndoto hiyo ameitoa kwangu, nilimsimulia, kichwa huokota kilichosikia, ndivyo kilivyoumbwa. Anajua kunituliza. Lakini maneno hayo aliyarudia mara mbili, kama anayejiambia mwenyewe.

Daktari anataka ndugu aliyemjua bibi kabla hajapotea aje amtazame. Nikadhani Ntate ndiye wa kwenda, ni mama yake aliyemzaa. Alikaa muda mrefu na kikombe mkononi. Akasema yeye alikwenda mgodini akiwa kijana mdogo, na akijaribu kumkumbuka mama yake anamwona kwa mgongo tu, anakwenda kuchota maji. "Na 'MaLineo alikuwa ameshaolewa. Wewe ndiye uliyekaa naye, 'MaKatleho."

Akaingia ndani. Nilifikiri amekwenda kulala. Akarudi na soksi zake nene, zile za mgodini, akaziweka mapajani pangu.

Jumatano, 10 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya wodi ya wanawake. Harufu ya dawa ya sakafu. Mtu anaimba mahali, wimbo wa kanisani, mstari mmoja tu, anaurudia, anaurudia.

Nyenyane amekuja kunipokea getini. Amevaa sare nyeupe, amekonda. Ana kibandiko cha jina kifuani. Nimejitahidi nisikisome. Mwalimu wake yupo, mwanamke mpole mwenye miwani, alinishika mikono yote miwili akasema nimemlea vizuri binti huyu. Sikujua kama ni sifa au ni rambirambi.

Kwanza walinionyesha kwa kioo cha mlango. Mwanamke mzee sana, mdogo kama mtoto, sweta ya hospitali, blanketi jeusi mabegani, anatazama nje. Blanketi limebanwa na pini kifuani. Nyenyane akaninong'oneza kwamba pini ni ya wodi, wanampa mchana wanaichukua jioni. Nilijua. Pini gani ingedumu miaka yote hiyo? Hata hivyo moyo ulishakwenda.

Kisha nikaingia. Nilifanya kama nilivyofundishwa jikoni: nikakaa kwa upande, si mbele yake, sikumzibia njia. Nikasema "'M'e." Hakugeuka. Nikangoja. Nikaona mkono wa kushoto, sweta imepanda kidogo. Kovu lipo! Nilitaka kupiga magoti palepale. Halafu mwanamke anayepiga deki akapita na ndoo, mikono wazi, naye analo, mahali palepale karibu. Na mimi ninalo. Sufuria za miguu mitatu hazichagui.

Uso sijui. Niliyemfunga blanketi alikuwa mwanamke aliyenyooka, ana mashavu. Huyu uso umeingia ndani. Na mimi je, akinitazama ataona nani? Nilikuwa msichana.

Nikamwambia habari za nyumbani, taratibu. Khoabane mwanao, mume wangu, yupo, kifua kinamsumbua. Alikuwa anakuja nyumbani sikukuu, sasa migodi imemrudisha moja kwa moja. 'MaLineo bado anavuta ugoro. Wajukuu wawili. Bado anatazama nje. Mwisho nikasema, sijui nilivyothubutu, "Na ile chumvi, 'M'e, ilikuchosha?"

Vidole vyake vikasogea kwenye paja. Viwili na kidole gumba, kama vinaokota punje. Au vilisogea tu. Vidole vya wazee husogea.

Daktari alikuwa amejaribu jina kabla sijafika. Alilisema karibu, kwa upole, mara kadhaa. Hakuitika. Leo sista mkuu naye amekwenda mpaka mwisho wa korido akaliita kama siku ile. Hakuitika. Daktari anaona siku ile ilikuwa sadfa, mgonjwa husema neno likajiangukia mahali pake. Hakusema kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayenifungulia mlango niende nyumbani.

Nyenyane akanitoa nje, kwenye benchi hili. Akakaa kwa upande wangu, si mbele yangu. Nikajua nimekuwa mgonjwa tena.

"Siku ile sista alikuwa ananitafuta kweli," akasema. "Alikuwa amechoka, amekasirika, hajui niko wapi. Leo alikuwa anajaribu tu. Bibi anaijua tofauti."

Nilikuwa nimeshaona inakokwenda.

"'M'e, katika watu wote walio humu ni nani anayemtafuta?"

Nikamwambia unajua siwezi. Akasema anajua. Hakunibembeleza. Akanyamaza kile kimya chao, cha darasani, kinachokaa na wewe mpaka useme mwenyewe. Mwanafunzi huyu atakuwa nesi, wapende wasipende.

Nikasema, na akiitika? Nitarudi nyumbani nimwambie Ntate nini, kwamba aliondoa theluji juu ya nani? Na wewe, umebeba jina la nani? Akasema akiitika ataitika, hayo mengine tutayabeba mmoja mmoja. Nikasema, na asipoitika? Alishika kile kibandiko kifuani pake, akakifunika kwa kiganja, kama mtu anayekilinda na baridi.

Asipoitika, basi kile kitu cheusi bado kinakwenda kule korongoni, na bado mimi ndiye niliyemwita kwa jina la kila mtu.

Amekwenda kumwomba daktari ruhusa. Wanazungumza huko ndani. Nimevaa soksi za Ntate, miguu inatoka jasho kwa mara ya kwanza tangu Mei. Ninayo karatasi hii gotini. Nimewaza, mkono utangulie. Mkono haujaapishwa.

Nthofeela.

Limekaa hapo. Hakuna kilichoanguka. Mwandiko wangu mbaya, lakini linasomeka.

Nthofeela. Nthofeela.

Amerudi. Anasema wamekubali, na ananionyesha mahali pa kusimama, mbali kabisa, mwisho wa korido. Nimesimama. Naandika nimeegemea ukuta, anasema nisiharakishe. Wamefungua mlango wa wodi. Sakafu yote nyeupe kutoka hapa mpaka kule, na kule mwisho, dirishani, kitu kidogo cheusi kimenipa mgongo.